Kitufe cha Adabu

Mwanaidi aliloweka pilipili kichaa kwenye bakuli, akaliweka nyuma ya mlango wa sebule pamoja na mchi wa kinu. Kisha akaenda kuvaa dera lake jipya na kujipulizia marashi. Mtu akija kupigwa nyumbani kwako, si lazima akukute umevaa matambara.

Aliyekuwa anakuja ni Habibu, muuza mchele anayeishi Iringa. Hawakuwahi kuonana. Walikuwa wakitukanana mtandaoni tu, mchana kweupe, wateja wakila raha. Mwanaidi aliuza mchele wa Kyela pale Ilomba, Habibu aliuza wa Madibira, na kila mmoja aliona wa mwenzake ni chakula cha kuku. Habibu alikuwa na ulimi, lakini mbele ya Mwanaidi alikuwa mwanagenzi. Mjane yule akikasirika, hata mbwa wa mtaa walibadili njia.

Mwanaidi aliingia mtandaoni kwa mlango wa Zubery, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta aliyetengeneza tovuti yake mwenyewe, Barazani. Mtandao ulikuwa uleule wa watu wote, ila ukiupitia Barazani huoni matangazo na bando haliishi ovyo. Zubery hakuishiwa mapya. Mara herufi kubwa kwa wenye macho mabovu, mara rangi nyeusi ya usiku, mara njia ya kupanga tangazo liende lenyewe alfajiri nawe umelala. Mwezi uliopita akaja na Kitufe cha Adabu.

"Kinafanya nini?" Mwanaidi aliuliza.

"Kinaondoa matusi, shangazi. Kinaweka maneno mazuri mahali pake." Zubery alikuwa anatazama viatu vyake. "Watu walikuwa wanalalamika."

"Umefanya la maana, mwanangu. Kuna watu wana midomo michafu humo!"

Zubery akakubali kwamba wapo.

Haukupita muda, Habibu akabadilika. "Bi Mwanaidi, umeamkaje?" aliandika. Kesho yake: "Bi Mwanaidi, nimepika wali wa Kyela. Nakiri, unanukia." Mwanaidi aliyasoma hayo mara nyingi kuliko alivyotaka kukubali. Tangu afiwe na mumewe, waliomuuliza ameamkaje walikuwa wanaomba chumvi tu. Alianza kuamka mapema, akajikuta anaimba huku anapepeta mchele.

Ndipo akakumbuka kitufe.

"Kile kitu chako kinafanya kazi kweli?" alimuuliza Zubery, akitumaini kusikia hapana.

"Kinafanya kazi, shangazi. Tena kuliko nilivyotegemea."

Kumbe asali yote ile ilikuwa ya mashine! Aliona uchungu, kisha aibu, kisha hasira, na hasira ndiyo aliyoizoea. Tangu hapo kila neno la Habibu alilirudisha mwenyewe kwenye asili yake. Habibu akiandika "Bi Mwanaidi", yeye alisoma "bibi kizee". Akiandika "nakuwaza", yeye alisoma "nakupania". Naye akajibu inavyostahili, kwa matusi ya nguoni, ya sokoni, na mengine aliyoyatunga papo hapo.

Jirani yake Matilda, ambaye hakuwa na habari ya Barazani, alimkuta dukani. "Dada Mwanaidi, nimesoma ulichomwandikia yule baba wa Iringa. Machozi yamenitoka."

"Yatamtoka na yeye," alijibu Mwanaidi.

Siku ya Jumatano Habibu akaandika kwamba usingizi umemkimbia kwa ajili yake. Kwa Mwanaidi hicho kilikuwa kitisho kamili. Akaandika mbele za watu wote: "Habibu, takataka ya Iringa, kama u mwanaume kweli njoo Ilomba nikuvunje hicho kiuno!"

Jibu likaja hapohapo: "Jumamosi nakuja. Na wazee wangu."

"Anakuja na genge," Mwanaidi alimwambia Zubery.

Zubery akasema Jumamosi ana kazi Tunduma.

"Huendi popote. Wewe utashika bakuli."

Basi Jumamosi hiyo gari likasimama nje, mlango ukagongwa. Mwanaidi alikamata mchi. Zubery alishika bakuli kwa mikono miwili, pilipili ikimmwagikia vidoleni. Wakaingia wazee wawili wa kanzu na kofia, na nyuma yao mwanaume mfupi mwenye tumbo la haja, amekumbatia kiroba cha mchele na doti ya khanga juu yake.

"Bi Mwanaidi," alisema yule mfupi kwa upole, "umeamkaje?"

Maneno yalikuwa yaleyale, na safari hii yalitoka mdomoni mwa mtu, hapakuwa na mashine katikati. Mchi ukawa mzito ghafla.

"Tumekuja kwa jambo la heri," alisema mzee mmoja, jicho lake likiwa kwenye mchi. "Tumeleta posa."

"Posa!" Mwanaidi alisikia joto likimpanda mashavuni. "Nani aliyewaita?"

Habibu akawatazama wazee wake, kisha akamtazama yeye, ameduwaa.

"Si wewe mwenyewe? Iringa nzima imesoma." Akatua kiroba, akavaa miwani, akafungua simu. Wazee wakainamisha vichwa kwa haya, naye akasoma kwa sauti:

"'Habibu, kipenzi cha Iringa, kama u mwanaume kweli njoo Ilomba nikukande hicho kiuno.'"