Barua Ndani ya Kitabu cha Bata

Inshirah alikitikisa kitabu juu ya kitanda cha bintiye, na barua zikaporomoka.

Kumbe. Msichana mzima, mchumba mlangoni, bado analala na kitabu cha watoto chini ya mto. Ujanja ulioje. Nani angepekua hadithi ya bata?

Bahasha nyingine zilikuwa zimefunguliwa, nyingine bado. Alikunjua barua moja. Mwandiko wa kiume, unayumba kama wa mtu mwenye haraka. Juu, Bismillahi. Chini yake: "Kipenzi changu Nesma." Hakuendelea.

Baada ya alasiri wakwe wangefika kusoma Fatiha ya uchumba, na mji mzima wa Tanta una masikio. Mama gani angetulia? Yeye hakuwahi kuandikiwa barua na mwanamume yeyote, hata marehemu mumewe, na ndoa yao ilikuwa ya heshima.

Kuzitupa jalalani hakuthubutu, kwa ajili ya jina la Mungu. Akazipandisha juu ya paa, akazitia katika kopo tupu la samli, akawasha kiberiti.

Nesma alimkuta akichochea majivu.

"Mama, unachoma nini? Wageni watadhani tumewapikia viatu."

"Nachoma aibu yako. Huyo bwana ana maneno matamu, lakini mlango wetu hajui kuubisha."

Nesma alicheka. "Bwana gani tena?"

"Usinifanye mtoto, binti wewe. Huyo uliyemficha kwa bata."

Kicheko kikakatika. Nesma alilitazama kopo, kisha akaketi pale pale kwenye saruji, na gauni lake la sherehe.

"Ulizisoma, mama?"

"Nilisoma 'kipenzi changu.' Ilinitosha."

"Na zile zilizofungwa?"

"Zote zimekwenda. Hata bahasha sikuzitazama. Haya, inuka, gauni litachafuka."

Nesma hakuinuka. Chini barabarani gari lilipiga honi, na mwanamke mmoja akaanza vigelegele. Wakwe walikuwa wamefika.

"Aliziandika hospitalini," Nesma alisema, "niwe nafungua moja kila mwaka. Akazipanga mwenyewe ndani ya kitabu alichokuwa akinisomea."

Inshirah aliacha kuchochea.

"Ya mwisho haikuwa yangu, mama. Ilikuwa na jina lako. Baba alisema nikupe siku nitakayosomewa Fatiha ya uchumba."