Joka Liko Hai

Fundi saa mstaafu aliingia sebuleni akiwa ameshakata shauri kuaga. Miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo wao wa Jumamosi: aliwaeleza wenzake mapango na majoka, nao wakarusha dadu kujua yatakayowapata. Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono, na kitabu cha sheria za mchezo kilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa.

“Tafuteni msimulizi mwingine,” alisema.

“Kaa kwanza, baba,” bintiye alimsihi, akamsogezea kompyuta. Kitabu kizima kilikuwa humo. Akakishika kidole cha mzee, kigumu kwa miaka ya kufungua skrubu, akakiweka juu ya kitufe. “Bonyeza mpaka uridhike.”

Mzee akabonyeza. Herufi zikanenepa, zikanenepa tena. Akasoma kimya, midomo ikichezacheza, kisha akainua uso na kuwatazama mmoja mmoja.

“Wiki iliyopita mliniambia joka huuawa kwa upanga wa shaba. Humu hakuna neno kama hilo.”

Binti akajifanya anakohoa.

“Washenzi wakubwa nyie!” Mzee alicheka mpaka machozi, akavuta kiti karibu na meza. “Leteni dadu. Joka liko hai, na lina njaa.”