Mguu Uliobaki Nje

Kiti cha mbele kilisukumwa nyuma mpaka mwisho, na bado mguu wa mke wangu ulibaki nje ya mlango, umekakamaa kama mchi. Tangu afanyiwe upasuaji, goti lake halikunjiki. Ndala ikamdondoka.

"Jaribu tena, mama," binti yetu akasema. Yeye ndiye aliyetaka kulinunua hilo gari, ili mama yake afike kliniki bila kuhangaika.

Mimi, dereva wa malori mstaafu, nilipewa kazi ya kulikagua. Asubuhi nzima nililipandisha vilima, nikalitosa mashimoni, nikafunga breki mpaka dalali akang'ang'ania dashibodi. "Mzee, taratibu, bado halijawa lako!" Nililisifu kama bibi harusi: dogo, limeinuka, mafuta linalamba tu. "Mwanangu, chukua. Hili litafika popote."

Popote. Kumbe nilikuwa nawaza safari zangu. Kumwita mwenye mguu aje akae kwanza, hilo halikunipitia hata kichwani.

"Baba, si ulisema umeangalia kila kitu?"

Dalali akajifanya anafuta kioo.

Aliyenionea huruma ni mke wangu. Alikipapasa kile kiti kwa kiganja.

"Gari zuri," akasema. "Lichukueni tu, baba yako apate kuzunguka. Mimi kubaki nyumbani nimeshazoea."

Alisema bila kinyongo. Afadhali angenitukana.

Niliinama nikaokota ndala. Nikakishika kisigino chake, nikaanza kumvisha polepole, ili nisilazimike kuinuka.