Saa Tatu za Asajile

Siku hizi mtu huhesabiwa hai kwa redio: kila asubuhi wawili huitana, kila mmoja huandika saa kwenye kompyuta yake, na saa zisipolingana, aliye mdogo hufutwa kwenye orodha ya walio hai.

Tusekile, akipangusa meza ya mumewe, alikuta kompyuta iko nyuma kwa saa tatu. Akairekebisha ifuate saa ya ukutani. Hakujua kwamba watu wa redio hutumia saa ileile dunia nzima, iliyo nyuma ya saa ya hapa kwa saa tatu.

Mumewe alipomaliza kuzungumza na mdogo wake, Asajile, skrini ikaandika: Amefutwa.

“Kaka, huku wanasema nimekufa!” redio ikalia. “Kaka, nijibu!”

“Baba Sekela, mjibu shemeji.”

“Marehemu hajibiwi, ndiyo sheria.” Akapunguza sauti. “Nani ameigusa saa hii?”

Tusekile akakificha kitambaa mgongoni, na shemeji yake bado anaita.