Hema la Mapaa Mawili

Ndoo ya tatu ya maji ilipomwagwa, Isidori alikuwa amelala chali ndani ya hema, mchana kweupe, akikodolea macho mshono wa paa. Hakuna tone lililopenya.

"Hili ndilo," alisema akitoka kwa kutambaa. "Lina mapaa mawili na vigingi vya chuma. Upepo wa kule mlimani hauling'oi."

Masika ya mwaka sabini na nane yalikuwa yamesomba daraja, na lori la Karema halipiti. Ilibaki njia ya miguu: siku nne kutoka Mpanda mpaka hospitali ya misheni kule ziwani, na usiku wa tatu lazima mtu alale juu mlimani, kwenye baridi na mvua ya mawe. Juu ya punda, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, alikaa mama mtu mzima aliyekuwa akikohoa damu wiki ya pili sasa. Asipofika kwa daktari upesi, basi tena.

Aliyemleta ni Maduhu, kijana wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka juzi. Alisimama mbali na punda, uso ameuelekeza barabarani.

"Nipe na lile dogo, mzee," alisema.

"La nini? Hili linalaza watu wanne."

"Mimi siwezi kulala na huyu mama hema moja."

"Unaogopa kikohozi?"

"Siwezi tu, mzee. Si unaona mwenyewe?"

Isidori aliona, akakasirika. Yeye alilelewa na masista wa Karema tangu mchanga. Sura ya mama aliyemzaa hakuijua. Hakupata kuoa, na nusu ya umri wake aliimalizia porini, akiwaongoza njia wazungu wa kutafuta madini, waliomwachia mahema hayo. Mtu mwenye mama, halafu anamkimbia mama! Huyo alimshinda kabisa.

"Hakuna mwanamke wa kumsindikiza?"

"Mke wangu ndiye angekuja. Amejifungua juzi."

Isidori akalibeba hema dogo, akalirudisha stoo na kufunga kufuli. "Lile limetoboka," alisema. Halikuwa limetoboka hata kidogo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alijisemea, na safari hii ulimwengu wenyewe ni mlima. Atake asitake, atalala ubavuni mwa mama yake.

Njiani Isidori, akiongoza punda, hasira ilizidi kumpanda. Maduhu alitangulia na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mama alipokohoa, alisimama, mgongo kwao, akasubiri mpaka kikohozi kikaisha. Usiku wa kwanza na wa pili walilala vijijini, na kote huko kijana aliomba alazwe nyumba nyingine. Walipopumzika aliweka kibuyu chini, akarudi hatua kumi.

"Mzee, mwambie anywe maji."

"Mdomo si unao? Mwambie mwenyewe!"

Maduhu akamwelekea punda. "Punda, mwambie anywe."

Mama akavuta khanga usoni, akanywa. Isidori alidhani analia, naye akatamani kumzaba kijana kofi.

Siku ya tatu alasiri walifika juu. Ukungu ulishatanda, meno yanagongana. Maduhu alipigilia vigingi vyote mwenyewe, akazikaza kamba moja moja, akawasha moto na kupika uji. Mwisho akavua blanketi lake mabegani na kumkabidhi Isidori.

"Mfunike na hili."

Isidori alilipokea bila ahsante. Alimfunika mama, ambaye homa ilikuwa imemlaza hoi, kisha naye akajinyoosha karibu na mlango.

Jua lilipozama mvua ya mawe ikaanza. Upepo uliling'ang'ania hema, paa la juu likapigapiga, kigingi kimoja kikachomoka.

"Ingia ndani, mjinga wewe!" Isidori alipiga kelele. "Baridi hii itakumaliza kabla ya hicho kikohozi unachokiogopa!"

"Kamba ya upande huu imeachia," sauti ilijibu kutoka nje. "Nimeishika. Lala, mzee."

Isidori angeweza kutoka amvute kwa nguvu. Lakini na yeye alikuwa mbishi, na alisema moyoni kwamba baridi ikimzidi ataingia mwenyewe. Akasubiri hivyo mpaka usingizi ukampitia.

Alfajiri ilikuwa shwari. Ndani ya hema palikuwa pakavu. Mama aliamka, homa imeshuka, akauliza kama kuna uji.

Isidori akatoka. Maduhu alikuwa ameketi chini, kamba ameizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, uso kaukabili mlango wa hema, macho wazi. Isidori alimwita, akamtikisa bega, akamgusa shingo. Akapiga magoti kwenye matope. Hasira yote ilimtoka, ikabaki aibu, na mawazo yake yakaenda kwenye kufuli la stoo kule Mpanda. Alijaribu kuifungua ile kamba mkononi mwa kijana, vidole vilivyokakamaa vikakataa.

Sasa amwambieje mzazi? Alirudi mlangoni, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "njoo umwone mwanao."

Mama alijivuta polepole mpaka mlangoni. Hapo akasita, akaishusha khanga mpaka ikafunika macho.

"Mwanangu yupi, baba? Huyo ni mkwe wangu. Mwambie ageukie kule kwanza, nipate kutoka."