Mbao za Ukumbi wa Zamani

Miaka ishirini, mimi fundi wa chuo, niliwafokea wanafunzi: "Acheni kupiga miguu kwenye mbao!" Kila mchezaji wa timu ngeni aliposimama kurusha mpira wa adhabu kikapuni, walipiga miguu kwenye mabenchi ili akose, hadi vumbi la paa likatuangukia vichwani. Kila Jumatatu nilipigilia misumari upya huku nikiwalaani.

Leo tuko ukumbi mpya, viti vya sponji, sakafu ya zege. Ndoo yangu ya misumari iko miguuni, haina kazi. Tunaongoza kwa pointi moja, mgeni anajiandaa kurusha, na wanafunzi wamenyamaza kama wako maktaba.

"Jamani, mmekufa?"

"Mzee, tulia," mmoja akaniambia, simu juu. "Tunarekodi."

Nikamwaga misumari yote sakafuni, nikaipindua ndoo kama ngoma, nikashika nyundo.