Pete Iliyoangukia Majani Chai

Droni iliyobeba pete ilifika juu ya kichwa cha bwana harusi, ikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ikapinda, ikaangukia shamba la majani chai la jirani.

Kilimani, vijana waliovaa reflekta walishangilia. "Imeanguka! Mtambo wetu unafanya kazi!" Kisha wakaona shela, wakashusha mikono.

Dolphine, bibi harusi, alimgeukia bwana harusi. Weldon ndiye aliyetaka pete ishuke kutoka juu, Mogogosiek yote ione. Sasa Pasta alitazama saa.

"Nina harusi nyingine Kapkatet. Bila pete sifungishi ndoa."

Mzee Johana, mwenye shamba, ndiye aliyefika kwanza pale droni ilipoangukia. Alirudi nayo, kifuko cha pete kikiwa wazi na kitupu.

"Pole sana, binti yangu. Hawa vijana wa makampuni niliwapa kilima bure wajaribu mitambo ya kuangusha droni. Kumbe nimealika balaa."

"Tutaipata wapi humo, mzee?" Dolphine aliuliza. Majani yalikuwa yamemea hadi kifuani, na wachumaji wote wa mzee walikuwa wamehamia shamba kubwa.

"Ingieni mstari kwa mstari. Palipofungamana majani, chumeni muone chini." Akaleta vikapu. "Na msiyamwage chini, mtaifunika."

Harusi nzima ikaingia shambani. Mwanzoni walitafuta kweli. Lakini mikono ya watu wa huku ikishagusa chai haimsikilizi mtu: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Shangazi Loice alikunja gauni. Pasta alivua koti.

"Pasta, jani hilo ni gumu, kiwanda kitakataa!" Bilhah, msimamizi wa bibi harusi, alimfokea. Pasta akalitoa kikapuni, akaomba radhi.

"Dolphine, umenishinda kujaza," Weldon alisema.

"Nyamaza utafute pete!"

Lori la kiwanda lilipopiga honi barabarani, walikuwa wamefika mwisho wa mstari wa mwisho. Mzee Johana akainama, akainuka na pete.

Vigelegele! Wakafungishwa ndoa hapo hapo katikati ya vikapu, shela limejaa matope, na Dolphine akilia kwa furaha.

Alipoenda kumshukuru mzee, alimkuta nyuma ya lori, simu sikioni.

"Kijana, Jumamosi ijayo kuna harusi ingine, kwa kina Rebeccah," alikuwa akisema. "Droni yao sasa iangushe upande wa chini wa shamba. Huku juu tumemaliza."